Matunzo ya Wagonjwa wa Akili wa Muda Mrefu Vijijini: Funzo kutoka Nyanda za Kati

Utangulizi

Katika vijiji vingi vya Mkoa wa Singida, kama ilivyo katika mikoa mingine ya nchi yetu, yuko mtu ambaye kila mwanakijiji anamfahamu, lakini wachache humwita kwa jina alilopewa na wazazi wake. Huonekana sokoni au kando ya barabara akizungumza peke yake, nguo zimechakaa na nywele hazijachanwa. Watoto humzomea. Watu wazima humpa kipande cha ugali, kisha huendelea na shughuli zao. Wengine wa hali yake hawaonekani kabisa, kwa kuwa wamefichwa nyuma ya nyumba, pengine wakiwa wamefungwa kwenye gogo. Ni nadra kumsikia mtu akiuliza swali ambalo mwanasayansi hana budi kuliuliza: Je, mtu huyu ana maradhi gani, na anaweza kusaidiwa vipi pale pale alipo?

Makala haya yanajaribu kulijibu swali hilo kwa ajili ya walimu na wanafunzi wa shule za sekondari. Tutaanza na ugonjwa wenyewe, kisha tutafanya hesabu ndogo ya mkoa mmoja. Baada ya hapo tutatazama historia ya tiba hapa kwetu na kwingineko, halafu tutaona jinsi dawa, nyumba, kazi na zahanati zinavyoweza kushirikiana kumrudisha mtu katika maisha ya jamii. Mwishoni yamo maswali ya kujadiliwa darasani.

1. Ugonjwa wenyewe

Magonjwa ya akili ni mengi, na si sahihi kuyaweka yote katika neno moja la “kichaa”. Katika makala haya tunashughulika hasa na yale makali yanayodumu kwa miaka mingi. Linalojulikana zaidi miongoni mwao ni skizofrenia. Aghalabu huanza kati ya umri wa miaka 15 na 35, yaani wakati kijana anapomaliza shule, kuanza kazi au kuoa.

Dalili zake tunaweza kuzigawa katika mafungu mawili. Fungu la kwanza ni la mambo yanayoongezeka: mgonjwa husikia sauti ambazo wengine hawazisikii, huamini kwa nguvu mambo yasiyokuwapo (kwa mfano, kwamba majirani wanamwekea sumu), na mazungumzo yake hukosa mfuatano. Fungu la pili ni la mambo yanayopungua: hukosa hamu ya kazi, huacha kuoga, hujitenga, na uso wake hauonyeshi furaha wala huzuni. Dalili za fungu la kwanza ndizo zinazowatisha watu. Zile za fungu la pili, hata hivyo, ndizo zinazoiumiza familia kwa muda mrefu zaidi, kwa sababu mara nyingi hudhaniwa kuwa ni uvivu.

Mwanafunzi asichanganye skizofrenia na kifafa. Kifafa ni ugonjwa wa ubongo unaoleta degedege za ghafla, na tiba yake ni nyingine. Asiichanganye pia na upungufu wa akili wa kuzaliwa. Skizofrenia humpata mtu ambaye mpaka hapo alikuwa akiishi na kufikiri kama wenzake.

Sababu zake hazijafahamika zote. Yanayojulikana kwa hakika ni kwamba urithi wa kizazi unachangia, ingawa watu wengi wenye ugonjwa huu hawana mzazi mwenye ugonjwa huo. Inajulikana pia kwamba matatizo wakati wa ujauzito na kuzaliwa, mashaka makubwa ya maisha, na uvutaji wa bangi katika ujana huongeza hatari. Tena inafahamika kuwa wakati wa ugonjwa, utendaji wa kemikali ya ubongo iitwayo dopamini huvurugika. Malezi mabaya ya mama hayasababishi skizofrenia. Fikira hiyo, iliyowahi kuenea katika nchi za Magharibi, imewaumiza kina mama wengi bila ya haki.

2. Hesabu ya mkoa

Mwaka 2022 Shirika la Afya Ulimwenguni lilikadiria kuwa watu wapatao milioni 24 duniani walikuwa na skizofrenia, yaani mtu 1 katika kila watu 300. Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu katika Mkoa wa Singida watu wanaozidi kidogo milioni 2. Natugawanye:

2,000,000 ÷ 300 = 6,667 hivi.

Mwanafunzi makini ataweka pingamizi, naye atakuwa na haki. Mkoa una watoto wengi, na ugonjwa huu ni nadra sana utotoni. Kwa hiyo hesabu ya kweli huenda ikawa ndogo. Natuwe waangalifu basi, tuikate nusu: tunabaki na watu 3,300 hivi. Sasa tuseme kwamba mkoa umejengewa hospitali mpya ya magonjwa ya akili yenye vitanda 300, jambo ambalo lingegharimu fedha nyingi sana. Mgonjwa mmoja tu kati ya kila kumi na mmoja angepata kitanda. Kumi wangebaki nyumbani.

Hesabu hii ni ya makadirio, na haikusudiwi kuchukua nafasi ya utafiti. Lakini inatuonyesha jambo moja waziwazi. Matunzo ya wagonjwa hawa kijijini si huruma ya ziada tunayoweza kuifanya au kuiacha. Wagonjwa wako kijijini tayari, nao watabaki huko. Swali lililobaki ni kama watakaa huko wakiwa na matunzo au bila ya matunzo.

3. Historia fupi

Hospitali ya kwanza ya wagonjwa wa akili katika nchi yetu ilikuwa Lutindi, katika milima ya Usambara. Wamisionari wa Kijerumani waliianzisha mwaka 1896 kama makao ya watoto waliokombolewa utumwani, na mwaka 1904 ikageuzwa kuwa ya wagonjwa wa akili. Mwaka 1927, wakati wa utawala wa Waingereza, ilijengwa hospitali ya Mirembe mjini Dodoma, ambayo baadaye ilikuja kuwa hospitali ya taifa ya magonjwa ya akili. Karibu nayo iko Isanga, mahali pa wagonjwa waliohusika na makosa ya jinai.

Kwa wakazi wa Singida, Mirembe ndiyo iliyokuwa tegemeo. Kutoka Singida mjini hadi Dodoma ni kilometa zipatazo 240 kupitia Manyoni. Leo barabara hiyo ni ya lami. Lakini kwa mgonjwa atokaye Nduguti, au ng'ambo ya mbuga ya Wembere, safari ilikuwa ya siku kadhaa, mara nyingi mgonjwa akiwa amefungwa kamba na kusindikizwa na ndugu au askari. Mtu akishapelekwa mbali namna hiyo, ndugu hawamtembelei. Baada ya mwaka au miwili shamba lake linalimwa na mwingine, na pengine mke wake amerudi kwao. Siku daktari asemapo, “Umepata nafuu, nenda nyumbani,” nyumba ya kwenda haipo. Ndivyo hospitali zote kubwa za aina hii duniani zilivyojaa watu ambao ugonjwa wao ulikuwa umetulia, ila hawakuwa tena na mahali pa kwenda.

Waafrika hawakukaa kimya mbele ya tatizo hilo. Mwaka 1954 Dkt. Thomas Adeoye Lambo alianzisha huko Aro, karibu na Abeokuta nchini Nijeria, utaratibu wa kuwalaza wagonjwa katika nyumba za wanakijiji walioizunguka hospitali. Kila mgonjwa alifuatana na ndugu yake mmoja. Mchana walikwenda hospitali kutibiwa, na jioni walirudi kijijini. Dkt. Lambo aliwashirikisha pia waganga wa jadi, kwa kuwa alijua kuwa ndio walioaminiwa na watu.

Tanzania nayo ilichukua njia inayofanana na hiyo, lakini kwa sura yake yenyewe. Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1960, katika siku za Azimio la Arusha, vilianzishwa vijiji vya kilimo kwa ajili ya wagonjwa wa akili waliopata nafuu. Hombolo, kaskazini mashariki ya mji wa Dodoma, ni kimoja kinachohusiana na Mirembe. Vikuruti, nje kidogo ya Dar es Salaam, kinahusiana na Muhimbili. Wagonjwa waliishi katika nyumba za kawaida, walilima chakula na kufuga, chini ya uangalizi wa wauguzi, huku wakichanganyika na watu wa vijiji vya jirani. Kijiji cha namna hiyo kilikuwa daraja kati ya wodi na nyumbani. Mtu aliyekaa miaka mitano bila kushika jembe hapo alijifunza tena kuamka alfajiri, kupika, na kupatana na mwenzake juu ya zamu ya maji.

Mwanzoni mwa miaka ya 1980, miaka michache baada ya mkutano wa Alma-Ata wa 1978 juu ya afya ya msingi, Wizara ya Afya, ikisaidiwa na Shirika la Afya Ulimwenguni na serikali ya Denmark, ilianza mpango wa taifa wa afya ya akili. Mpango huo ulijaribiwa kwanza katika mikoa ya Morogoro na Kilimanjaro. Kiini chake kilikuwa kuwafundisha watumishi wa zahanati na vituo vya afya kuyatambua magonjwa haya na kuendeleza tiba karibu na nyumbani. Mpaka leo hilo ndilo wazo linaloongoza huduma hii. Tatizo limekuwa katika utekelezaji: watumishi wachache, dawa zinazokatika, na fedha ambazo huelekezwa kwanza kwenye maradhi yanayoua haraka.

4. Dawa hufanya nini?

Kabla ya mwaka 1952 hapakuwa na dawa ya kutuliza skizofrenia bila ya kumlaza mgonjwa usingizi. Mwaka huo madaktari wa Paris, Jean Delay na Pierre Deniker, walitangaza matokeo ya dawa iitwayo klopromazini. Dawa hiyo, na nyingine zilizoifuata kama halopiridoli, huzuia kwa kiasi kazi ya dopamini katika ubongo. Sauti hupungua, hofu hushuka, na usingizi hurudi. Baadaye ilitengenezwa sindano ya flufenazini iliyochanganywa na mafuta, ambayo hutoka mwilini polepole, hivi kwamba mgonjwa huweza kuchomwa mara moja tu katika wiki tatu au nne. Sindano hiyo inafaa sana kwa mtu anayeishi mbali na zahanati.

Je, dawa zina faida gani hasa? Mwaka 2012 watafiti walioongozwa na Stefan Leucht wa Ujerumani walikusanya matokeo ya majaribio 65. Katika muda wa mwaka mmoja, kati ya kila wagonjwa 100 walioendelea na dawa, 27 walirudiwa na ugonjwa. Kati ya kila 100 walioachishwa dawa, walirudiwa 64. Tofauti ni watu 37 katika kila 100.

Tarakimu hizi zina mafunzo mawili. La kwanza ni kwamba kuacha dawa ni hatari kubwa. La pili husahauliwa mara nyingi: hata kwa dawa, zaidi ya robo walirudiwa. Basi dawa ni nguzo moja ya nyumba, lakini nyumba haisimami kwa nguzo moja.

Liko jambo jingine ambalo kila mwalimu angelieleza kijijini kwake, watu wengi wangeokoka. Mgonjwa akiacha dawa, ugonjwa haurudi kesho yake. Kwanza huja siku za raha, kwa sababu madhara ya dawa yanaondoka: mikono haitetemeki, mwili haukakamai, usingizi wa mchana umekwisha. Ugonjwa hurudi baada ya wiki nyingi, pengine miezi. Kwa kuwa tukio na sababu yake vimeachana namna hiyo, watu hawavihusishi. Husema, “Aliacha dawa akawa mzima, kilichomrudishia ni ule ugomvi wa mpaka.” Ni kosa la kufikiri ambalo sayansi inatufundisha kulichunga: jambo lililotangulia kwa karibu si lazima liwe ndilo sababu.

5. Mfano wa kubuni

Natutunge mfano ili tuone mambo haya katika kalenda ya Singida, mkoa wenye msimu mmoja wa mvua, tangu Novemba au Desemba hadi Aprili.

Kijana wa miaka 24, tumwite Mkulima, anaishi kwa mama yake mjane. Amekuwa akichomwa sindano kila mwezi kwa mwaka mzima, naye ametulia. Mwezi wa Juni alizeti na mtama vimevunwa, nyumba ina chakula na fedha kidogo. Mjomba wake anasema, “Dada, kijana amepona, mwache apumzike na hayo masindano.” Mama anakubali. Julai na Agosti kijana anachangamka kuliko zamani, na wote wanaridhika. Septemba anaanza kukosa usingizi. Oktoba hali vizuri, anatembea usiku. Novemba, mvua za kwanza zinaponyesha na kila mikono inahitajika shambani, anasikia sauti zikimwambia kuwa mbegu zimerogwa, naye anazimwaga. Jirani wanamfunga kamba. Mganga anaitwa, na mbuzi wawili wanauzwa. Shamba la mwaka huo linalimwa nusu, na Februari nyumba ina njaa.

Gharama ya kuacha dawa katika mfano huu haikulipwa na mgonjwa peke yake. Ililipwa na kaya nzima, tena kwa chakula. Sasa turudi nyuma tuone ni wapi mkono wa msaada ungeweza kuingia. Mwezi Juni muuguzi wa zahanati angeona katika daftari kwamba kijana hakuja, akatuma ujumbe kwa mhudumu wa afya wa kijiji. Septemba mama, kama angefundishwa, angejua kwamba kukosa usingizi ni dalili ya kwanza, akampeleka mapema kabla ya mvua. Hakuna hata moja kati ya hatua hizi inayohitaji jengo jipya. Zinahitaji daftari, mtu wa kulisoma, dawa iliyopo kabatini, na mama aliyeelezwa mambo mapema.

6. Nyumba na ndugu

Katika miaka ya 1950 na 1960 mtaalamu wa elimu ya jamii George Brown aliwafuatilia huko London wagonjwa waliotoka hospitalini. Aligundua kwamba waliorudi katika nyumba zenye lawama nyingi, uhasama, au uangalizi wa kupita kiasi walirudiwa na ugonjwa mara nyingi zaidi kuliko waliorudi katika nyumba tulivu. Uchunguzi huu umerudiwa katika nchi nyingi. Huko Zanzibar mwanaanthropolojia Juli McGruder aliishi karibu na familia zenye wagonjwa wa aina hii, akaeleza jinsi imani ya kuwa maradhi ni mtihani kutoka kwa Mungu ilivyowawezesha baadhi ya ndugu kuvumilia pasipo kelele wala kulaumu.

Mafunzo hayo tunaweza kuyageuza kuwa kanuni za nyumbani:

(a) Usibishane na mgonjwa juu ya sauti anazozisikia, wala usikubaliane naye. Mama anaweza kusema, “Mwanangu, mimi sizisikii hizo sauti, lakini naona zinakusumbua. Njoo tukae hapa.”

(b) Mpe kazi ndogo inayoonekana mwisho wake: kuchota ndoo mbili za maji, kupalilia mstari mmoja, kupeta debe moja la alizeti. Akiiweza, mwongezee. Usimwachie kazi zote, wala usimnyang'anye zote.

(c) Dawa kama klopromazini huifanya ngozi iungue haraka na jua, na hupunguza uwezo wa mwili kujipoza. Katika jua la nyanda za kati, mtu huyu avae kofia na nguo ya mikono mirefu, anywe maji mara kwa mara, na kazi ya shamba aifanye asubuhi na jioni.

(d) Anayemtunza naye apumzishwe. Ndugu wa upande wa baba na wa mama wagawane zamu. Mzigo huu, ukiachiwa mama mmoja kwa miaka ishirini, humvunja.

Tusije, hata hivyo, tukajisifu mno kwa ukoo wetu. Uchunguzi wa Shirika la Afya Ulimwenguni uliofanywa tangu mwishoni mwa miaka ya 1960 katika nchi tisa, Nijeria ikiwamo, ulionyesha kuwa wagonjwa wa nchi zinazoendelea walipata nafuu zaidi ya wale wa nchi tajiri. Wengi walifurahia habari hiyo. Lakini uchunguzi uliofanywa baadaye huko Butajira, Ethiopia, ulionyesha watu wengi walioishi na ugonjwa kwa miaka bila ya tiba yoyote, na hali zao hazikuwa njema. Ukoo ni hazina, lakini si dawa.

7. Juu ya mnyororo

Hatuna budi kulizungumza jambo la kufunga wagonjwa kwa minyororo au kwenye magogo. Ndugu wengi wanaofanya hivyo si wakatili. Wanaogopa kwamba mgonjwa atapotea porini, atachoma nyumba au atapigwa na watu. Lakini mnyororo hauponyi. Huleta vidonda, hudhoofisha misuli, hukaribisha maambukizo, na humwondolea mtu heshima ambayo baadaye ni vigumu kuirudisha. Mwalimu anayetaka kuukomesha asianze kwa kulaani. Aanze kwa kuuliza, “Siku akizidiwa, mnakwenda kwa nani?” Mnyororo hufunguliwa pale ambapo jibu la swali hilo lipo.

Watu huogopa ukali wa wagonjwa kupita kiasi cha kweli. Wengi hawamdhuru mtu yeyote, bali wao ndio wanaopigwa, kuibiwa na kunajisiwa. Hatari iliyo kubwa zaidi ni kujiua: inakadiriwa kuwa watu wapatao 5 katika kila 100 wenye skizofrenia hufa kwa njia hiyo. Wengine hufa mapema kwa maradhi ya kawaida kama ya moyo na mapafu, kwa sababu hakuna anayewapima. Kwa hiyo mgonjwa wa akili afikapo zahanati asidungwe sindano tu akaondoka. Apimwe uzito na shinikizo la damu, asikilizwe kifua.

Waganga wa jadi ndio wanaofikiwa kwanza na familia nyingi. Kuwakejeli hakusaidii. Makubaliano yanayofaa ni haya: mganga afanye maombi na tambiko zake, asifunge wala kupiga, asimkataze mgonjwa dawa za hospitali, na amwelekeze zahanati akimwona hali chakula au anataka kujidhuru.

8. Onyo kutoka ng'ambo

Nchi tajiri nazo zilikata shauri kuwatoa wagonjwa katika hospitali kubwa. Marekani mwaka 1955 ilikuwa na wagonjwa 559,000 hivi katika hospitali za majimbo. Mwaka 1963 Rais Kennedy alitia sahihi sheria ya kuanzisha vituo vya afya ya akili katika jamii. Hospitali zilipunguzwa, lakini vituo vingi vilivyoahidiwa havikujengwa, na wagonjwa wengi waliishia mitaani na magerezani. Italia ilipitisha sheria ya kufunga hospitali hizo mwaka 1978. Mji wa Trieste, uliokuwa umejiandaa kwa vituo na vyama vya ushirika vya kazi, ulifaulu sana. Mahali pengine palichelewa.

Upande wa pili, India mwaka 2014 na Ethiopia mwaka 2022 zilichapisha matokeo ya majaribio ambamo watu wa kawaida waliofunzwa waliwatembelea wagonjwa wa skizofrenia majumbani, wakawasaidia kutumia dawa, kurudi kazini na kupatana na majirani. Hali za wagonjwa hao zilikuwa nafuu zaidi ya wale waliopata tiba ya kliniki peke yake. Mafanikio hayakuwa ya ajabu, lakini yalipimika, tena katika vijiji visivyotofautiana sana na vya Iramba au Manyoni.

Tanzania ina Sheria ya Afya ya Akili ya mwaka 2008. Ina ngazi ya zahanati, kituo cha afya, hospitali ya wilaya na ya mkoa, na juu yake Mirembe. Mpakani mwa Singida na Manyara iko Hospitali ya Haydom, inayohudumia pia watu wa Mkalama. Ngazi hiyo ipo. Kinachotakiwa ni kila daraja lake libebe uzito uliokusudiwa. Zahanati ikikosa flufenazini kwa miezi miwili, daraja la chini limevunjika, na mgonjwa ataanguka mpaka aokotwe Dodoma.

Hitimisho

Tumeona kwamba ugonjwa mkali wa akili ni maradhi ya mwili na ya maisha kwa pamoja. Dawa hutuliza ubongo. Nyumba tulivu huzuia ugonjwa usirudi upesi, kazi humrudishia mtu nafasi yake, na zahanati huviunganisha vyote. Shule nayo ina wajibu wake. Mwanafunzi wa kidato cha nne aliyeelewa somo hili anaweza kuwa mtu wa kwanza katika ukoo wake kutambua dalili za mapema kwa kaka au dada yake. Tena anaweza kuanza leo, bila ya fedha yoyote, kwa kumwita yule mtu wa sokoni kwa jina alilopewa na wazazi wake.

Maswali ya kujadili

1. Rudia hesabu ya sehemu ya 2 kwa kutumia idadi ya watu wa wilaya yako. Eleza sababu mbili zinazoweza kuifanya hesabu hiyo isiwe sahihi.

2. Wilaya ina wagonjwa 200 wa skizofrenia waliopata nafuu. Kwa tarakimu za mwaka 2012, wangapi wangerudiwa na ugonjwa katika mwaka mmoja kama wote wangeendelea na dawa? Na kama wote wangeacha?

3. Kwa nini familia ya Mkulima ilishindwa kutambua kuwa kuacha sindano ndiko kulikomrudishia ugonjwa? Taja mfano mwingine, katika kilimo au afya, ambapo sababu na matokeo yake huachana kwa muda mrefu.

4. Linganisha utaratibu wa Aro na vijiji vya kilimo vya Tanzania. Kila mmoja ulikuwa na uzuri gani, na upungufu gani?

5. Mzee mmoja anasema, “Tukimfungua, atapotea.” Andika jibu la heshima utakalompa, ukionyesha hatua tatu ambazo familia yake inaweza kuchukua katika wiki ya kwanza.